Sura Kifuani mwa Mtoto

Sisi tuliolea watoto kati ya Vita vya Kagera na miaka ya ruksa ya Mzee Mwinyi tulikijua kitambaa kwa namna ambayo wazazi wa leo hawajalazimika kukijua. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Mwanza, kwenye nchi ya pamba, na hapa nawasemea wenzangu wengi, walimu, wauguzi, wakulima na wake wa makarani, ambao waliona marobota ya pamba yakipakiwa kwenye malori msimu baada ya msimu huku watoto wao wakikosa shati la kubadilisha. Viwanda vilikuwepo. Urafiki pale Ubungo ulianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, Mwatex ilikuwa jirani yetu, na Mutex ikajengwa Musoma. Lakini vita ya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri viliviacha vikisuasua, na kitambaa kikawa kitu cha mgao. Tulipanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na aliyebahatika kufika mbele alipewa kilichopo, awe amekipenda au hakukipenda. Zilikuwepo nyakati ambapo hata sanda ilitafutwa kwa kimemo. Na mwaka 1983, ilipotangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, ndipo tulipojua ni doti ngapi za kanga zilikuwa zimefichwa, kwa maana waliozificha waliingiwa na hofu wakazitupa usiku, huku sisi tukiwa tumezitafuta mchana kutwa.

Nayasema haya bila kuomba huruma ya mtu. Nataka tu kijana anayesoma aelewe kwa nini mtu wa rika langu, akiiona fulana ya mtoto wa miaka miwili, huanza kwa kuishika kitambaa kabla hajatazama kilichochorwa juu yake. Tulimvalisha mtoto kwa kile tulichonacho, na tulikitumia mpaka kikaisha kabisa. Kanga iliyochakaa ndiyo iliyokuwa nepi, kwa sababu kuchakaa kumeifanya laini, na mama mwenye busara alianza kuzitenga kanga zake za zamani mimba ikiwa bado changa. Shati la baba lilipofifia kola, fundi aliigeuza kola ile, upande wa ndani ukaja nje; na upande huo nao ulipochoka, shati lilikatwa likawa la mtoto, vifungo vikiwa vile vile. Gauni la binti lilishonwa na pindo refu la akiba ndani, na kila alipoongezeka kimo tulilifumua kidogo. Ukilitazama vizuri gauni la wakati ule ungeona mistari miwili mitatu iliyokolea rangi kuliko sehemu nyingine, pale pindo lilipokuwa limejificha jua lisilifikie, nawe ungejua bila kuuliza mtoto huyo amekua mara ngapi ndani ya nguo hiyo. Alipomaliza yeye, alivaa mdogo wake, na baada ya mdogo wake mtoto wa mama mdogo. Hakuna aliyeona aibu, maana wote tulikuwa hivyo.

Leo nakaa na mwanangu Dar es Salaam, na nikishuka Kariakoo, hasa Mtaa wa Congo, naona wingi ambao hatukuuota. Fulana za watoto zimetundikwa kuanzia chini mpaka juu ya mabanda, na karibu kila moja inakutazama. Yuko Spider-Man na utando wake, yuko Elsa mwenye msuko wa nywele nyeupe, wako mbwa wa PAW Patrol, yuko Peppa Pig, na yuko Mickey Mouse, ambaye alianza kuonekana mwaka 1928 na ambaye sura yake ilikwisha kuuzwa kwenye saa za mkononi mwaka 1933, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Biashara ya sura hizi, basi, si ya jana. Kilicho kipya ni kwamba imemfikia mtoto ambaye hajaota meno yote, na imemfikia kwetu. Fulana, kaptura, soksi, kandambili, begi, chupa ya maji, na siku ya kuzaliwa hata keki, vyote vina sura moja. Nimezishika nguo hizo. Nyingi ni za nailoni, na picha yenyewe imebandikwa kwa utando mzito wa plastiki unaofunika kifua chote cha mtoto. Katika joto la Februari la mji huu, mtoto aliyevaa hivyo hutoka harara shingoni na kifuani, na mama anamfuata na poda bila kujua kwamba ugonjwa uko kwenye nguo. Baada ya kufuliwa mara kadhaa picha huanza kupasuka. Jicho la Elsa linabanduka, mdomo unafuata, na mtoto ambaye jana alimlilia leo hataki hata kumwona.

Wazazi vijana hawana kauli moja juu ya jambo hili, na nimewasikiliza kwa makini, kwa sababu mzee asiyesikiliza hana haki ya kusikilizwa. Wapo wanaosema ni furaha tu ya mtoto, na furaha ya mtoto haina dhambi. Wapo wasiotaka kabisa mwili wa mtoto wao ugeuzwe ubao wa matangazo ya kampuni ambayo haiwalipi chochote, tena wao ndio wanaoilipa. Kwenye nyumba nyingi za Waislamu ninazozijua, mwambao na hata bara, wazazi huzikwepa nguo zenye sura za viumbe, hasa zile za kwendea madrasa au msikitini, na mtoto wao ana nguo zake safi zisizo na picha, bila kuonekana amepungukiwa na chochote. Na wapo walio wengi zaidi, ambao hawana nadharia yoyote. Wana asubuhi tu. Mkwe wangu ni mmoja wao. Anatoka nyumbani Kimara saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi, na kabla ya hapo anatakiwa awe amemwogesha na kumvalisha mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu na ambaye bado ana usingizi.

"Mama," aliniambia siku moja tulipokuwa tunachambua mchele, "ile fulana ya Spider-Man ndiyo pekee anayoivaa bila kulia. Nikimpa nyingine tunagombana mpaka nachelewa kazini. Sasa mama, nifanyeje?"

Nilimwambia, "Mwanangu, usichelewe kazini kwa ajili ya fulana. Mvalishe uende. Haya mengine tutayazungumza Jumapili." Na Jumapili tulizungumza, tena kwa kirefu, na mengi ya ninayoyaandika hapa yalitoka katika mazungumzo yale, mengine yakiwa ya kwake.

Lililonigusa zaidi ni alipouliza kama sisi hatukuwavalisha watoto wetu alama za watu. Ni swali la haki. Kanga ina jina lake, na mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko ya kanga alibeba usemi wa mama yake mbele ya mtaa mzima. Tulikuwa na vitenge vyenye Mwenge, vyenye ramani ya nchi, vyenye sura ya Mwalimu. Watoto wetu wakubwa kidogo walikuwa chipukizi, walivaa skafu shingoni, wakacheza halaiki uwanjani mbele ya viongozi. Kwa hiyo mtoto wetu naye alivaa ujumbe ambao hakuuchagua. Lakini naona tofauti, na siioni kuwa ndogo. Ujumbe ule ulikuwa na mtu wa kuulizwa. Mtoto alipouliza maana ya kilichoandikwa kwenye kanga, bibi alimjibu, mara nyingine kwa kuficha nusu ya maana kwa sababu usemi ulikuwa umekusudiwa kwa jirani. Alipouliza yule mzee kwenye kitenge ni nani, alijibiwa na watu waliomsikia kwa masikio yao akihutubia. Sura ya fulana ya leo inamfikia mtoto kutoka mbali, ikiwa imekwisha kuzungumza naye kwenye simu au televisheni kabla mzazi hajaijua, na mara nyingi mtoto ndiye anayemfundisha mama jina la mhusika. Utaratibu wa nyumba umegeuka hapo, na umegeuka mapema mno.

Nadhani ndiyo sababu sina ugomvi na mitumba. Tangu serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa, na mitumba ikaanza kumiminika, watoto wa vijijini wamevaa kila sura ya dunia. Nimekutana na mtoto katika kijiji kimoja wilayani Magu amevaa fulana ya katuni ambayo hapakuwa na mtu pale aliyewahi kuiona, na wala nyumba yao haikuwa na umeme. Kwake ilikuwa picha tu, rangi ya bluu na nyekundu, na fulana ilikuwa ya pamba nzito ambayo mdogo wake naye ataivaa. Picha isiyo na hadithi nyuma yake haina nguvu juu ya mtoto. Nguvu inakuja pale vitu vinaposhikana: kioo kinasimulia, fulana inakumbusha, begi linakumbusha, duka linasubiri. Sisi tuliwalea watoto bila televisheni, maana Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi. Watoto wetu walikuwa na redio, na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania kilipoanza nyumba ilinyamaza. Sungura na fisi walisikika kwa sauti tu. Kila mtoto alimchora sungura wake mwenyewe kichwani, na nikiwaambia wanafunzi wangu wamchore ubaoni sikupata sungura wawili waliofanana. Kuna kazi ambayo akili ya mtoto iliifanya pale, na ninaamini ilimfaa.

Wasomi wa mambo ya watoto wameliangalia hili kwa njia yao. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo: watoto 40 wa miaka minne hadi sita walipewa vyakula vya aina ile ile katika pakiti zilizofanana, isipokuwa moja ilikuwa na picha ya mhusika wa katuni. Wengi waliichagua yenye picha, na si wachache waliosema kilichomo ndani yake kina ladha nzuri zaidi, hasa zilipokuwa biskuti na peremende. Kwa karoti tofauti ilikuwa ndogo. Miaka sita kabla ya hapo Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikuwa kimeeleza kwamba mtoto aliye chini ya miaka minane kwa kawaida hawezi kutambua kuwa tangazo lina nia ya kumshawishi. Kwa kuhofia hilo hilo, Sweden hairuhusu matangazo ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12, na jimbo la Quebec, Kanada, limeyazuia matangazo ya biashara kwa walio chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Sheria hizo hazigusi fulana iliyokwisha kununuliwa. Zinanithibitishia jambo moja tu: kwamba mataifa yenye maduka yaliyojaa kuliko yetu yaliona mtoto mdogo anahitaji mtu mzima asimame kati yake na muuzaji.

Hapo ndipo ninapofika kwenye nililokusudia kuwaambia wazazi wa leo, na nawaambia kwa heshima. Watu wa rika letu hupenda kusema kwamba sisi hatukuwaendekeza watoto. Kweli hatukuwaendekeza. Lakini duka lilikuwa tupu, na duka tupu lilimkatalia mtoto kabla mzazi hajafungua mdomo. Ustahimilivu wetu ulikuwa mahali pengine, kwenye foleni, kwenye sindano na uzi usiku kwa kibatari, kwenye kujinyima kanga mpya mwaka mzima ili mtoto asiende kliniki akiwa uchi, na ustahimilivu huo sitakubali mtu autie doa. Ninyi mnatakiwa kukataa mbele ya mtoto anayeiona kabisa fulana imetundikwa, muuzaji ameishusha na kumshikisha mkononi, bei iko ndani ya uwezo wenu, na watu wanatazama. Kukataa kwa namna hiyo sisi hatukujaribiwa nako. Ni kazi ngumu kuliko yetu katika jambo hili moja, na mzazi anayeiweza kazi hiyo bila kumpigia mtoto kelele mimi namvulia ushungi.

Wala sisemi mkatae kila kitu, siku zote. Nasema miaka mitatu ya mwanzo iacheni iwe ya nyumbani. Mtoto wa umri huo hajui kununua, hajui kulinganisha, anachokijua ni sura za watu wanaomlisha na kumbeba, na ingefaa azishibe hizo kwanza. Wapo wenzetu waliojitahidi kuwapa watoto wahusika wanaofanana nao. Ubongo ya hapa Dar es Salaam ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, kisha ikaleta Akili and Me, yenye binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Mjukuu wangu anahesabu naye kwa Kiswahili, na nafurahi kumsikia. Hata hivyo, hata Akili mwenyewe nisingeharakisha kumbandika kifuani mwa mtoto wa miaka miwili. Mwalimu mzuri si lazima avaliwe.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaizungumzi sana, nayo ni ya ndugu kwa ndugu. Nguo isiyo na sura ilikuwa ya mtoto yeyote. Kaptura ya kaka ilivaliwa na dada yake nyumbani na hakuna aliyeona ajabu. Sasa fulana ya Spider-Man imeitwa ya kiume na ya Elsa imeitwa ya kike, na dada hataki ya kaka, na hata mdogo wa kiume haitaki kwa sababu mhusika wa mwaka ule amepitwa, amekuja mwingine. Kwa hiyo nguo ambayo bado ni nzima inalala kwenye mfuko chini ya kitanda, na inanunuliwa nyingine. Mtu aliyewahi kugeuza kola hawezi kulitazama hilo kwa moyo mtulivu. Lakini zaidi ya fedha, mtoto mdogo alipovaa nguo ya mkubwa wake alijua amefika mahali fulani katika familia. Aliingoja nguo ile, aliipima mwilini kabla ya wakati wake, na siku ilipomtosha aliitembeza uani kila mtu aione. Wangu wa tatu aliingojea kaptura ya kaki ya kaka yake kwa hamu ambayo hakuipata tena kwa nguo yoyote mpya aliyonunuliwa baadaye.

Yuko baba mmoja kijana, jirani yetu, fundi wa umeme, aliyenisikia nikiyasema haya barazani akanijibu kwa adabu lakini bila kuficha uchungu wake. "Shikamoo bibi. Wewe unaikumbuka ile miaka kwa upande wa mshonaji. Mimi nilizaliwa baadaye kidogo, lakini viraka nilivivaa, na shuleni nilichekwa. Niliapa mwanangu hatachekwa. Akitaka Spider-Man, atampata." Niliitikia salamu yake, nikamkaribisha akae, na sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu katika maoni yote niliyoyasikia hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Baba huyu hanunui katuni. Ananunua kinga dhidi ya jambo lililompata yeye.

Nilichomwambia ni hiki, na nakirudia kwa wengine walio na jeraha kama lake. Hakuna mzazi wa rika letu aliyeshona kiraka kwa kupenda, wala anayetamani kiraka kirudi kwa mjukuu wake. Tulivishona ili ninyi mfike pa kutovihitaji. Mnunulie mtoto nguo nzima, nzuri, ya pamba, inayomtosha, yenye rangi ya kupendeza. Pamba yenyewe tunailima sisi, na mafundi cherehani wako kila mtaa, mmoja yuko hatua chache kutoka duka la nyaya la baba huyu. Mpeleke mtoto kwa fundi huyo walau nguo ya Idi au ya Krismasi, asimame juu ya stuli, azungushiwe futi kifuani, aulizwe anapenda mfuko uwe upande gani. Nguo ya namna hiyo hakuna wa kuicheka. Na atakapofika umri wa kukueleza kwa maneno yake kwa nini anampenda mtu yule wa kwenye fulana, ana sifa gani, amefanya jambo gani jema, msikilize mpaka amalize, kisha mwende dukani pamoja.

Alisema atalifikiria. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo muda anao.